Lakiri ya Mwanarusi

Marehemu Mbwana alikuwa ameketi mbele ya meza ya Inspekta Sidi Nguma, fimbo katikati ya magoti, akidai kikombe cha pili cha chai.

"Cha kwanza hakikuwa na sukari," alisema. "Au maiti hapewi sukari?"

"Maiti hapewi chai, mzee." Sidi akamsogezea kopo la sukari. "Hebu nieleze tena. Siku ile uliyokwenda ofisi ya ardhi kule Changamwe."

"Nimekueleza mara tatu, binti yangu."

"Nieleze ya nne."

Mzee Mbwana alikoroga chai taratibu. Alikuwa mkulima wa Likoni, mtu wa minazi na mikorosho, na kwa mtu aliyekwisha kufa hakuwa na haraka hata kidogo.

"Nilisikia katapila shambani kwa baba yangu. Nikasema haiwezekani, mimi nina zuio. Miaka sita nyuma niliweka zuio ofisini ili wana wa ndugu yangu wasiuze bila mimi kutia mkono. Nikaenda Changamwe. Msichana wa kaunta akabonyeza kompyuta, akanitazama, akabonyeza tena. Akaniambia, mzee, huku wewe umekufa tarehe saba mwezi wa tatu. Nikamwambia, tarehe saba mwezi wa tatu nilikuwa juu ya paa naezeka makuti. Akasema, pole sana."

"Na zuio?"

"Zuio limekufa nami. Shamba likauzwa juma la pili yake, kwa mtu aitwaye Barakat, simjui wala hanijui. Wallahi sijapata kuona msiba wa upesi namna hii. Hata matanga hayakukaliwa."

Sidi aliandika bila kucheka. Aliyemfisha mzee huyu hakutumia kisu wala sumu. Alitumia laini ya simu.

Tangu mwaka uliopita, 1995, serikali ilikuwa ikijaribu mradi ulioitwa Kiungo. Ofisi tatu za ng'ambo ya kisiwa, ya vitambulisho Likoni, ya vizazi na vifo Kisauni na ya ardhi Changamwe, zilipewa kompyuta moja moja na kuunganishwa kwa simu. Mkaazi wa Mombasa hahitaji kuelezwa faida yake. Sehemu hizo tatu hazigusani. Ukitaka kutoka moja kwenda nyingine sharti uvuke maji uingie kisiwani, kisha uvuke tena utoke. Karatasi iliyokuwa ikichukua miezi sasa ilichukua dakika. Na ili asitokee mtu wa kutuma uongo, kila karani alipewa lakiri yake, neno la siri analolijua yeye peke yake. Taarifa iliyotiwa lakiri Kisauni iliaminiwa Changamwe bila mtu kuuliza karatasi yenyewe iko wapi.

Lakiri iliyomuua Mbwana ilikuwa ya Mwanarusi, karani wa Kisauni, mjane wa miaka thelathini na mbili.

Mzee alikuwa bado anakunywa chai wakati Inspekta Mkuu Nicanor alipoingia bila kubisha, buku kubwa likiwa kwapani. Nicanor alikuwa mtu wa bara, mnyoofu, asiyependa kesi yenye kona.

"Yule mama ulimhoji jana?"

"Nilimhoji, afande. Anasema yumo edani. Mumewe, Faki, alifariki tarehe mbili mwezi wa pili. Tangu siku hiyo hajavuka kizingiti cha mlango."

"Kingine?"

"Hakuna. Ameniomba kitu kimoja tu, nimsaidie kupata cheti cha kifo cha mumewe. Anakingoja tangu Ramadhani. Anaambiwa laini ya simu ni mbovu."

"Mtu anakwenda jela anauliza cheti." Nicanor akatikisa kichwa. "Hiyo eda inaisha lini?"

"Keshokutwa, Jumapili."

Nicanor akaliweka buku mezani kwa kishindo. "Basi soma. Mahudhurio ya ofisi yake. Saini yake iko kila siku ya kazi, toka mwezi wa pili mpaka jana. Mtu hawezi kuwa edani na kazini saa zile zile. Mimi nimeweka heshima, Sidi. Sikutuma wanaume wakamtoe chumbani. Lakini Jumatatu asubuhi atakamatwa. Watoto anao?"

"Wawili."

"Watafutiwe jamaa."

"Buku umelipataje, afande?"

"Ofisi yake imelileta jana jioni, pale zamu. Mimi nimelikuta."

Sidi alilifungua. Aliisaka siku moja tu, akaipata. Ijumaa, tarehe mbili Februari. Mwanarusi ameingia saa mbili kamili, ametoka saa kumi. Saini ilikuwa safi, bila hata kutetemeka.

"Siku hii Faki alikufa alfajiri, akazikwa baada ya swala ya Ijumaa," alisema. "Nyumba imejaa watu, kilio mpaka barabarani. Mkewe alikuwa ofisini akipiga taipu?"

Nicanor alitazama ukurasa, akakuna shavu. "Basi wenzake walimsainia. Wanamlinda."

"Kwa nini basi walete buku?"

Nicanor alimsukumia buku. "Una muda mpaka Jumatatu," alisema, akatoka.

Sidi alimuaga mzee, naye akatoka. Pale zamu alisimama kidogo, akafungua kitabu cha matukio cha jana jioni, akasoma mstari mmoja. Alimwita Koplo Margret, askari wa kike wa zamu, wakapanda gari.

*

Ofisi ya Kisauni ilikuwa na feni moja, nayo ilipulizia kompyuta. Watu walijipepea kwa fomu.

Kwenye kaunta alikuwapo Salme, karani mwenza wa Mwanarusi, mwanamke wa buibui safi na uso wa huruma. Alimletea Sidi maji baridi kabla hajaombwa.

"Shoga yangu hajambo, dada? Tangu kusikia habari hizi za polisi nasikia hali chakula. Ijumaa huwa nampikia mimi. Leo nikitoka kazini, saa kumi na nusu, nitampitia na wali wa nazi."

"Hajambo. Mkuu wenu yupo?"

Mkuu wa ofisi, Bwana Tsuma, alikuwa mnene na mpole, miwani yake imefungwa uzi. Sidi alifunga mlango.

"Bwana Tsuma, mazikoni kwa Faki ulikwenda?"

"Nilikwenda. Jeneza nilishika mimi."

"Mwanarusi alikuwa wapi siku hiyo?"

"Nyumbani kwake. Awe wapi tena?"

Sidi alimgeuzia buku. Tsuma aliangalia, akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati muda mrefu kuliko uchafu uliokuwapo.

"Tulianza siku ile ile," alisema.

"Mlianza nani?"

"Mimi na Salme. Sheria za mradi zasema karani asipoonekana siku thelathini, nafasi yake apewe mwingine. Juu ya eda hazina neno. Aliyeziandika hata hajui eda ni nini. Miezi minne na siku kumi, Inspekta! Mjane, watoto wawili. Tungemwacha afukuzwe kwa sababu mumewe kafa?"

"Mkasaini."

"Buku nilisaini mimi. Kazi yake tukagawana. Jumatatu hadi Jumatano Salme, Alhamisi na Ijumaa mimi. Mtu huketi kitini pake, hutumia lakiri yake, ili hata mashine ione kuwa yupo."

"Neno la siri nani aliwapa?"

"Mwenyewe. Alimnong'oneza Salme, Salme akanipa mimi."

Sidi aliuma kalamu. Katika miaka kumi na minne ya upelelezi alikuwa ameona watu wakighushi saini kwa tamaa, kwa woga na kwa chuki. Hii ilikuwa ya kwanza kwa wema, na wema huo sasa ulikuwa unampeleka Mwanarusi jela. Eda ndiyo iliyokuwa utetezi wake pekee. Wenzake, kwa kumpenda, walikuwa wameandika kila siku kwamba hakuwa edani.

"Tarehe saba mwezi wa tatu ilikuwa Alhamisi, Bwana Tsuma."

Tsuma aliirudisha miwani usoni upesi.

"Siku yako," Sidi aliendelea. "Taarifa ya kifo cha Mbwana ilitoka hapa saa nne na dakika ishirini za asubuhi."

"Sikumwandika mimi. Wallahi al-adhim, jina hilo nimelisikia kwenu."

"Ulikuwa wapi saa hiyo?"

"Miezi mitatu imepita! Hapa, nadhani. Sikumbuki."

"Basi nisaidie jambo dogo." Sidi alimsukumia karatasi. "Andika kwamba Mwanarusi hakuwapo, na kwamba lakiri yake ilitumiwa na watu wawili. Hilo peke yake linamtoa."

Tsuma aliitazama kalamu iliyokuwa mbele yake lakini hakuigusa.

"Nikitia mkono hapa mimi nimekwisha. Miaka ishirini na mmoja kazini, Inspekta. Nipe siku mbili tatu nifikirie."

"Yeye hana siku tatu."

"Nielewe, dada yangu."

Sidi alimwelewa, na hilo ndilo lililomkera zaidi. Mkono uliosaini kwa ajili ya Mwanarusi miezi minne mfululizo ulikuwa unakataa kusaini mara moja. Aliikunja karatasi yake tupu, akasimama.

"Buku hili la mahudhurio, wewe ndiwe uliyeagiza lipelekwe kwetu?"

"Mimi?" Tsuma alishangaa kweli. "Nilipolikosa asubuhi nilidhani mmelichukua nyinyi."

*

Fundi wa mashine za Kiungo aliitwa Mueni, msichana wa Machakos aliyevaa sweta katikati ya joto la Changamwe, kwa kuwa chumba chake kilikuwa na baridi kuliko mochari. Nje malori ya mafuta yalipita na vioo vikatetemeka.

"Madam, mashine haijui mtu," alisema. "Inajua lakiri tu. Ikiona lakiri ya Mwanarusi inasema huyu ni Mwanarusi. Hata kama kwa kiti ameketi mbuzi."

"Tarehe saba mwezi wa tatu mbuzi huyo alikuwa Tsuma. Nataka uthibitisho."

"Tsuma wa Kisauni?" Mueni alikunja uso. "Siku hiyo si alikuwa hapa? Tulikuwa na mkutano wa wakuu wa ofisi zote tatu. Cheki kitabu cha wageni."

Kikaletwa. Tsuma, Kisauni. Ameingia saa tatu na robo, ametoka saa sita na nusu. Mwandiko ulikuwa ule ule uliojaza buku la mahudhurio. Bwana mkubwa alikuwa amemsainia Mwanarusi asubuhi, akaondoka zake, na kwa hofu akasahau hata kitu cha kumwokoa yeye mwenyewe.

Kwa hiyo asubuhi ile kiti cha Mwanarusi kilikuwa kitupu, na aliyelijua neno la siri Kisauni alikuwa amebaki mmoja. Sidi hakulifurahia jibu hilo. Alikuwa amekunywa maji ya mtu huyo saa mbili zilizopita. Isitoshe, kubaki mmoja si ushahidi. Wakili yeyote angesema aliyenong'oneza mara moja anaweza kunong'oneza mara kumi.

"Mueni, nataka kumfisha mtu ambaye hajafa. Lakiri ninayo. Nini kingine nahitaji?"

"Namba ya kibali cha maziko. Kila naibu wa chifu ana kitabu cha vibali, na mashine ina orodha ya namba zote. Ukibuni namba, inakukatalia. Ukirudia iliyotumika, inakukatalia."

"Kwa hivyo namba aliyopewa Mbwana ni ya kweli."

"Ya kweli, na ilikuwa haijatumika." Mueni alibonyeza. Printa ikalia, ikatema karatasi. "Sufuri nne moja saba. Kitabu cha Mjambere, Kisauni."

"Mbwana ni mtu wa Likoni. Atapewaje kibali Mjambere?"

Mueni aliona haya kidogo. "Hatukuiambia mashine iulize hilo. Tutarekebisha."

"Swali la mwisho. Laini ya Kisauni imekuwa ikisumbua tangu Ramadhani?"

"Nani anasema? Ilikatika mara moja tu, kabla ya Krismasi. Tangu hapo iko fiti."

Sidi aliikunja ile karatasi, akaitia mfukoni. Mtu alikuwa akimdanganya mjane kuhusu laini ya simu kwa miezi minne, na mtu hadanganyi muda wote huo bila sababu.

*

Naibu wa chifu wa Mjambere alitunza vitabu vyake ndani ya sanduku la bati. Kibali kilipotolewa, kishina chake kilibaki kitabuni, kimejazwa kwa karatasi ya kaboni. Sidi alifungua mpaka 0415, akapindua 0416, akafika 0417.

Alisoma, akarudia kusoma.

Faki Mwalimu, mwanamume, miaka thelathini na minane, wa Mjambere. Amefariki tarehe 2 Februari 1996. Kibali kimekabidhiwa jamaa wa marehemu.

Akaomba simu. "Mueni, nitafutie Faki Mwalimu, Mjambere. Mashine inasema yu hai au amekufa?"

Upande wa pili vidole vikagonga vibonyezo. "Yuko hai, madam. Hana alama yoyote. Unamtaka awe shahidi?"

"Hapana," Sidi alisema, akaweka mkono wa simu. Mzee wa Likoni alikuwa amezikwa kwa karatasi ya Faki. Na Faki, aliyelala makaburini Mjambere miezi minne sasa, kwa serikali alikuwa bado anatembea.

Alikiazima kitabu, akatia saini ya kukipokea, akatembea kwa miguu mpaka nyumbani kwa mjane. Margret alifuata nyuma.

Wanaume wa kituo walikuwa wamekuja nyumba hiyo mara mbili, wakaishia barazani, maswali yao yakapelekwa ndani na mashemeji na majibu yakarudi yamepunguzwa. Sidi alivua viatu akaingia moja kwa moja. Margret akabaki barazani.

Mwanarusi alikuwa ameketi juu ya mkeka, nguo nyeupe, mikono bila bangili wala hina. Kwenye kona sahani za udongo zilikuwa zimepangwa vizuri, moja juu ya nyingine.

"Jana hukuniambia kama ulimpa mtu lakiri yako," Sidi alisema baada ya salamu.

"Hukuniuliza, dada."

"Nilikuuliza mara mbili."

Mwanarusi aliinamisha uso. "Walinitendea wema. Ningewataja wangefukuzwa wote wawili. Nikasema moyoni, eda yangu yatosha. Mtu yumo ndani, atakuwaje nje? Na Salme aliniambia ninyamaze, mambo yote atayapanga yeye."

"Kibali cha maziko cha Faki ulimpa nani?"

"Salme. Siku ya tatu ya matanga. Nilikitoa chini ya mto nikampa mkononi. Nikamwambia, shoga, wewe uko kwenye mashine, mwandikishe Faki wangu, asije akaandikishwa na mtu asiyemjua."

"Kuna mwingine aliyekishika?"

"Hakuna."

Sidi aliweka kitabu cha vishina juu ya mkeka, na karatasi ya Changamwe kando yake. Mwanarusi alikuwa karani. Hakuhitaji kufundishwa kusoma. Alipitisha kidole juu ya namba ya kwanza, kisha ya pili. Kidole kikakaa hapo.

"Huyu Mbwana ni nani?"

"Mzee wa Likoni. Hajafa. Asubuhi nimempa chai."

"Na Faki?"

"Mashine inasema yu hai."

Mwanarusi aliondoa kidole kwenye karatasi. "Nimekaa eda ya mtu ambaye kwao hajafa," alisema. "Dada, Salme amenilisha kwa mkono wake. Nimelia mapajani mwake mpaka nikalala. Wewe wasema nini?"

"Sisemi mimi. Namba ndizo zisemazo."

"Basi usimwambie neno. Leo ni Ijumaa, yuwaja. Nitamuuliza mwenyewe."

*

Saa kumi na nusu hodi ilipigwa. Salme aliingia na sahani iliyofunikwa kitambaa, harufu ya nazi ikaingia naye. Alipomwona Sidi alisita kidogo tu, kisha akatabasamu.

"Dada Sidi, nawe umekuja kumtazama? Alhamdulillahi. Mkalishe mtu huyu ale, mimi hanisikii."

"Keti, shoga," Mwanarusi alisema. "Cheti cha Faki kimetoka?"

"Bado, mpenzi wangu. Hiyo laini, wewe acha tu."

"Lakini mashineni ulimtia."

"Nilimtia kwa mkono wangu, Ramadhani ile ile, chungu cha kumi na tano. Wallahi."

Hakuna aliyekuwa amemtaka kiapo.

"Kwa namba gani?"

Salme aliweka sahani chini. Mwanarusi akamgeuzia kitabu, akamwekea na karatasi. Salme hakumtazama shoga yake. Alimtazama Sidi, akautazama mlango, na kwa dirisha aliona kofia ya Margret barazani.

"Barakat ni ndugu yangu," alisema mwishowe. "Mama mmoja. Wauzaji walimwambia shamba ni safi ila lina zuio la mzee mmoja, mzee mwenyewe mkongwe, leo au kesho atakufa. Namba isiyotumika nilikuwa nayo hiyo moja. Ningeyarekebisha, shoga. Ningemtia Faki baadaye kwa kibali kingine."

"Kwa lakiri yangu," Mwanarusi alisema.

"Nilijua hawatakugusa! Mwanamke aliye edani, nani atamgusa? Nikasema mpaka utoke mambo yatakuwa yamekwisha kupoa."

"Na yalipokataa kupoa?" Sidi aliuliza.

"Sikufanya kitu."

"Ulileta buku la mahudhurio. Jana, saa kumi na mbili kasorobo. Jina lako limeandikwa kwenye kitabu cha matukio, nimelisoma leo asubuhi. Nilitaka kukupa nafasi, nikasema huenda ametumwa na mkuu wake. Hakukutuma mtu."

"Buku gani?" Mwanarusi aliuliza.

Sidi angependa asimjibu. "Walikuwa wakikusainia kila siku ili usipoteze kazi. Bila buku lile, eda yako ilikuwa inakutetea. Lilipofika mikononi mwetu, ikawa ulikuwa kazini kila siku, tarehe saba mwezi wa tatu ikiwamo. Jumatatu ungekamatwa."

Mwanarusi aligeuka taratibu. "Ijumaa iliyopita uliketi hapo hapo, Salme. Ukaniambia ninyamaze."

"Shoga..."

"Nilinyamaza kwa ajili yako. Niliogopa utafukuzwa kazi. Nilikuwa nakuombea dua, wewe na ndugu zako, kila swala."

Salme alianza kulia, na huenda machozi yalikuwa ya kweli. Sidi hakujishughulisha kuyapima. Mwanarusi aliinuka, akaenda kwenye kona, akabeba zile sahani. Zilikuwa sahani za Salme, za Ijumaa zote zilizopita. Mwanarusi alikuwa amezikusanya ili eda ikiisha azirudishe na kitu ndani yake, kwani katika nyumba zao kurudisha sahani ya mtu ikiwa tupu ni kumvunjia heshima. Alizipangusa kwa kanga, akaweka juu yake ile ya leo, haijafunuliwa, akamtia mikononi.

"Chukua vyombo vyako."

Sidi alimwita Margret. Salme alitoka kazibeba sahani zake kifuani, zikigongana.

Sidi alifungua daftari la maelezo, akaandika tarehe.

"Nikuambie ukweli kabla hujasema," alisema. "Ukieleza yote, na Tsuma amo. Nawe pia, maana ulitoa lakiri ambayo uliapa hutaitoa. Jela hutakwenda, hilo nakuahidi. Kazi sikuahidi."

"Najua."

"Tuanze na Salme."

"La." Mwanarusi alirudi mkekani, akajiweka sawa, akafunika miguu. "Anza na Faki. Andika kwamba Faki Mwalimu amekufa. Alfajiri, chungu cha kumi na mbili cha Ramadhani, kichwa chake mkononi mwangu. Andika kwamba mimi ndimi mkewe. Kisha nitakueleza hao wengine."

Sidi aliandika maneno yale kama alivyoyasikia, hakupunguza hata moja. Alipomaliza ukurasa wa tano, jua lilikuwa limeshuka ukutani. Alimsogezea kalamu. Mwanarusi alisoma tangu mwanzo hadi mwisho, akarekebisha mahali pamoja palipokosewa saa, kisha akatia saini yake. Haikufanana hata kidogo na zile za bukuni.